Mzalia au Mpenda Nchi? Uhakiki wa Dhana ya Uzalendo katika Mpaka wa Karagwe na Kyerwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki swali la iwapo uzalendo ni jambo jema, kwa kurejelea fasihi na historia ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Hoja kuu ni kwamba neno uzalendo katika Kiswahili limebeba maana mbili zisizolingana. Maana ya kwanza ni uzalia, yaani hali ya kuwa mwenyeji wa asili wa mahali. Maana ya pili ni upendo wa nchi unaothibitishwa kwa matendo. Matini zilizochunguzwa ni majigambo (ebyebugo) ya ukanda wa magharibi mwa Ziwa Viktoria, tenzi za vita, na riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Matini hizo zimesomwa sambamba na matukio matatu: Vita vya Kagera vya 1978–1979, Operesheni Kimbunga ya 2013, na biashara ya kahawa inayovuka mpaka. Makala yanahitimisha kuwa uzalendo unaweza kuitwa wema pale tu unapohesabiwa kwa matendo na unapoidai nchi haki kama nchi inavyomdai mtu utii. Unapogeuzwa kuwa hesabu ya uzawa, hauwi tena wema, kwa sababu hakuna mtu anayestahili sifa wala lawama kwa mahali alipozaliwa.

1.0 Utangulizi

Wilaya za Karagwe na Kyerwa zinapakana na nchi za jirani kwa maji. Upande wa magharibi Mto Kagera unazitenga na Rwanda. Upande wa kaskazini mto huohuo unaitenga Kyerwa na Uganda, na Murongo ndicho kivuko kinachojulikana zaidi. Kyerwa yenyewe ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Kabla ya mipaka ya sasa kuwapo, eneo hili lote lilikuwa chini ya dola ya Karagwe, ambayo watawala wake, Wahinda, walijihesabu kuwa wa nasaba moja na watawala wa Nkore ng'ambo ya mto. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, hawakukuta ukingo wa taifa; walikuta kitovu cha njia za biashara na za undugu zilizoelekea Buganda, Nkore, Rwanda na Unyanyembe.

Mpaka wa Uganda ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, uliotumia mstari wa latitudo ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mpaka wa Rwanda ni mchanga zaidi kwa maana yake ya kisiasa. Hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, ng'ambo zote mbili za mto zilikuwa ndani ya himaya moja ya Ujerumani ya Afrika Mashariki. Mto ulipata kuwa mpaka wa dola mbili pale tu Ubelgiji ilipokabidhiwa Rwanda na Uingereza ikakabidhiwa Tanganyika. Kwa hiyo mtu aliyeishi miaka themanini katika kijiji cha Igurwa au cha Murongo angeweza kuwa na baba aliyezaliwa wakati ambapo swali la kuwa Mtanzania au Mnyarwanda halikuwa na maana yoyote.

Hali hiyo inalifanya eneo hili kuwa mahali pafaapo pa kuuliza swali la zamani: je, uzalendo ni jambo jema? Mjini Dodoma au Dar es Salaam swali hilo huweza kujibiwa kwa wimbo na bendera. Katika wilaya za mpakani jibu lake limewahi kuamua nani abaki katika kibanja chake na nani afungashe virago. Uhakiki wa fasihi una nafasi katika swali hili, kwa kuwa watu hujifunza maana ya uzalendo kwanza kutoka katika nyimbo, tenzi, hadithi na hotuba, kabla ya kuikuta katika sheria.

2.0 Neno Moja, Maana Mbili

Neno mzalendo linahusiana na kitenzi -zaa, na kwa maana hiyo ni ndugu wa neno mzalia. Kamusi za Kiswahili hulipa maana mbili: mwenyeji wa asili wa nchi, na mtu aipendaye nchi yake hadi kuwa tayari kuipigania. Wazungumzaji wengi huzichanganya maana hizi bila kuona tatizo, kwa sababu katika maisha ya kawaida mtu aliyezaliwa mahali ndiye pia anayepapenda. Hata hivyo, kimantiki maana hizi ni tofauti kabisa. Ya kwanza inaeleza hali ambayo mtu hakuichagua. Ya pili inaeleza mwelekeo wa moyo na mwenendo ambao mtu anaweza kuukuza, kuuacha au kuusaliti.

Tofauti hii ina matokeo ya kimaadili. Kitu kinachoitwa wema lazima kiwe kitu ambacho mtu anaweza kusifiwa kwa kukitenda. Ukarimu ni wema kwa sababu mkarimu angeweza kuwa mchoyo. Ujasiri ni wema kwa sababu jasiri angeweza kukimbia. Uzalia hauna sifa hiyo. Hakuna aliyezaliwa Bweranyange kwa jitihada zake. Ikiwa uzalendo ni uzalia, basi swali la wema wake halina msingi. Ni sawa na kuuliza kama urefu wa mtu ni jambo jema.

Mjadala wa kifalsafa katika nchi za Magharibi haujalipa suala hili uzito unaostahili. Alasdair MacIntyre, katika mhadhara wake wa 1984, aliuliza iwapo uzalendo ni tunu, akaonyesha kwamba uaminifu kwa jumuiya maalumu hauwezi kupatanishwa kirahisi na maadili yanayodai kumtazama kila binadamu kwa jicho moja. Martha Nussbaum, katika insha yake ya 1994, alitahadharisha kuwa fahari ya taifa huweza kuyazika maadili ambayo taifa lenyewe linadai kuyasimamia, akatetea utii wa kwanza kwa jumuiya ya binadamu wote. Wanazuoni hao wanapingana, lakini wanashirikiana katika dhana moja ambayo hawaihoji: kwamba anayeulizwa kama aipende nchi tayari ana nchi. Katika Karagwe swali la nani mwenye nchi hutangulia swali la namna ya kuipenda. Neno la Kiswahili, kwa utata wake, linalifichua jambo ambalo mjadala huo unalipita.

Utata huo hauishii Tanzania. Mashariki mwa Kongo, makundi yenye silaha yanayopigana upande wa serikali dhidi ya waasi wa M23 yanajulikana kwa jina la Wazalendo, neno la Kiswahili lisilotafsiriwa hata katika taarifa za kimataifa. Jina hilo linadai maana zote mbili kwa pamoja: wapiganaji ni wapenda nchi, na ni wenyeji halisi. Maana ya pili ndiyo inayowatia hofu wazungumzaji wa Kinyarwanda waliozaliwa Kongo, ambao uzalia wao ndio unaobishaniwa. Mfano huo unaonyesha kwamba suala hili halihusu kamusi peke yake. Neno linaweza kufungua mlango kwa mtu mmoja na kumfungia mwingine.

3.0 Ushahidi wa Majigambo

Fasihi simulizi ya ukanda huu ina utanzu ambao kazi yake ilikuwa kuuthibitisha uaminifu wa mtu kwa utawala wake. Utanzu huo ni majigambo, yaitwayo ebyebugo, ambayo Y. I. Rubanza aliyafanyia uchunguzi katika kitabu chake cha 1994. Katika majigambo, mtu husimama mbele ya hadhira, na hapo zamani mbele ya mukama, akajitaja kwa majina ya sifa, akasimulia mambo aliyoyatenda, na akaahidi utii. Lugha yake ni ya kasi, imejaa picha na tashbihi, na nafsi ya kwanza ndiyo inayotawala.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni muundo wa utanzu wenyewe. Anayejigamba hawezi kutosheka na kusema kuwa anaipenda nchi au anampenda mukama. Analazimika kutaja tendo: alikuwa wapi, alikabiliana na nani, alirudi na nini. Hadhira inayomsikiliza inawajua wenzake waliokuwapo, na majigambo yasiyo na tendo hugeuka kichekesho. Kwa hiyo kaida za utanzu zinabeba nadharia ya uzalendo ingawa hazijaitaja: uaminifu ni kitu cha kutolewa ushahidi, na ushahidi wake ni matendo. Uzawa hautoshi. Mtoto wa ukoo mkubwa asiye na la kusimulia hukaa kimya.

Jambo la pili linakwenda kinyume na la kwanza, nalo halipaswi kufichwa. Tendo linalosifiwa katika majigambo mengi ya kale ni la vita na la kuteka ng'ombe. Ng'ombe aliyetekwa alikuwa wa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na mukama wake na majigambo yake. Ng'ambo ya Kagera, miongoni mwa Wahima wa Nkore, utanzu huohuo huitwa ebyevugo, na H. F. Morris aliukusanya na kuuchambua katika kitabu chake cha 1964. Majina yanakaribia kufanana hadi sauti moja, na lugha zenyewe, Kinyambo, Kihaya na Kinyankore, zinaelewana kwa kiasi kikubwa. Hivyo mashujaa wa pande mbili waliweza kujigamba kwa utanzu uleule, kwa picha zilezile, kila mmoja akimsifu mtawala wake kwa hasara ya mwenzake.

Msomaji anayetafuta jibu rahisi hapa hatalipata. Majigambo yanatoa kipimo kizuri cha uzalendo, yaani tendo, lakini hayatoi kipimo cha tendo lenyewe. Yanamwambia mtu athibitishe uaminifu wake. Hayamwambii aulize iwapo jambo analoaminika nalo ni la haki. Huo ndio upungufu ambao MacIntyre aliukiri katika mhadhara wake na ambao Nussbaum aliufanya kuwa kiini cha hofu yake. Utanzu wa Kagera uliutambua mapema zaidi, kwa kuwa uliigizwa katika kingo zote mbili za mto mmoja.

4.0 Vita vya Kagera: Hoja Yenye Nguvu Zaidi ya Utetezi

Uhakiki wa uzalendo usiotaja Vita vya Kagera ungekuwa dhaifu, kwa sababu ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya wanaoutetea. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo lililo kaskazini mwa Mto Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ameliunganisha na Uganda. Raia waliuawa, mifugo ikaporwa, nyumba zikachomwa, na daraja la Kyaka likabomolewa. Rais Julius Nyerere aliwahutubia wananchi akitaja mambo matatu ambayo taifa lilikuwa nayo: sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi. Jeshi lilipanuliwa kwa kuingiza mgambo, polisi, askari wa Magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Watu wa mikoa ya mbali, ambao hawakuwahi kuuona Mto Kagera, walitoa ng'ombe, chakula na magari. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwezi Juni. Mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera.

Bila moyo ule, wakazi wa ukingo wa kaskazini wasingerudi katika vibanja vyao. Mwanafalsafa anayesema kuwa utii wa kwanza ni kwa binadamu wote anapaswa kueleza ni nani angekwenda Kyaka mwaka 1978. Jumuiya ya binadamu wote haikuwa na jeshi, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa unahimiza usuluhishi. Waliokwenda walikwenda kwa sababu waliamini kuwa mtu wa Bukoba ni mwenzao. Imani hiyo ndiyo uzalendo, na katika saa ile ilikuwa wema kwa maana kamili: ilikuwa hiari, iligharimu, na ilimlinda asiyeweza kujilinda.

Namna fasihi ilivyoipokea vita hiyo inastahili kuangaliwa. Henry Muhanika aliitungia utenzi uliochapishwa mwaka 1981, Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Utenzi huo unaingia katika mkondo mrefu wa tenzi za vita za Kiswahili, zikiwamo ule wa Hemed Abdallah al-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi katika Mrima, ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Majimaji, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert kuhusu Vita vya Pili vya Dunia. Anwani ya Muhanika peke yake inafundisha jambo. Upande mmoja umewekwa mahali, Kagera. Upande wa pili amewekwa mtu mmoja, Idi Amin Dada. Uganda haikutajwa kuwa adui. Anwani hiyo inawafikiana na msimamo rasmi wa wakati ule, kwamba vita vilikuwa dhidi ya utawala wa Amin, na kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na Watanzania.

Upekee wa uzalendo wa 1978 unaonekana hapo. Ulichochewa na kiongozi ambaye serikali yake ndiyo iliyopendekeza mjini Cairo mwaka 1964 kwamba nchi za Afrika ziheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na ambaye chama chake kiliweka udugu wa binadamu wote na umoja wa Afrika katika ahadi ya kwanza ya mwanachama. Mpaka ulitetewa kwa damu bila kudaiwa kuwa mtakatifu. Aliyelinda Kyaka hakutakiwa kumchukia Mnyankore wa Kikagati, ambaye huenda alikuwa mjomba wake. Mwaka 1980, muda mfupi baada ya vita, serikali hiyohiyo iliamua kuwapa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000. Nchi iliyokuwa imetoka kupigania ardhi yake iliweza kuwafungulia mlango watu ambao hawakuwa wazalia. Katika kipindi hicho maana ya pili ya neno uzalendo iliitawala maana ya kwanza.

5.0 Kusadikika: Mzalendo Kizimbani

Ikiwa majigambo yana upungufu wa kutohoji haki ya jambo linalotumikiwa, riwaya ya Kusadikika inaujaza upungufu huo. Shaaban Robert aliichapisha mwaka 1951, chini ya utawala wa Waingereza, na wahakiki wengi wameisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni. Usomaji huo ni sahihi, lakini unaweza kuifunga kazi hii katika wakati wake. Kwa swali linalojadiliwa hapa, Kusadikika ni riwaya inayohusu nani ana haki ya kuitwa mpenda nchi.

Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafundisho ya sheria. Mshtaki wake, Majivuno, ni waziri, naye anazungumza kwa jina la usalama wa nchi. Kwa kauli ya Majivuno, anayewafundisha watu kuhoji ni adui. Karama hajitetei kwa kukana kosa. Anajitetea kwa kuwakumbusha wasikilizaji habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya Kusadikika, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliorudi na mawazo ya kuiendeleza nchi na wakalipwa kifungo. Mwishoni Karama anaachiwa, na wajumbe wanafunguliwa pamoja naye.

Mambo mawili katika muundo wa riwaya hii yanahusu moja kwa moja wilaya za mpakani. La kwanza ni kwamba wapenda nchi wote wa Kusadikika ni watu waliovuka mpaka. Thamani yao imetokana na safari zao. Wameona namna mataifa mengine yanavyoishi na wakarudi na kipimo cha kuilinganisha nchi yao. Viongozi wa Kusadikika wanakichukulia kipimo hicho kuwa usaliti. Mwandishi anamwachia msomaji aone kwamba anayekataa kulinganishwa ndiye anayeinyima nchi maendeleo.

La pili ni majina. Shaaban Robert huwapa wahusika wake majina yanayotaja tabia, na mshtaki hakupewa jina la uovu wa wazi kama Hasidi au Dhalimu. Ameitwa Majivuno. Kwa uteuzi huo kosa linalochunguzwa ni fahari iliyokosa kiasi, yaani tabia ileile ambayo ikitiwa kiasi huitwa uzalendo. Majivuno haichukii nchi yake. Inawezekana kabisa kwamba anaipenda. Shida yake ni kwamba ameifanya nchi na baraza lake kuwa kitu kimoja, hivyo anayelikosoa baraza anaonekana kuichukia nchi. MacIntyre alitenganisha utii kwa taifa kama mradi unaoendelea na utii kwa serikali iliyopo. Riwaya ya 1951 ilikuwa imefanya utenganisho huo kwa njia ya hadithi, miaka thelathini na mitatu kabla yake.

6.0 Kipimo cha 2013

Mwezi Julai 2013 maadhimisho ya kitaifa ya Siku ya Mashujaa yalifanyika Kaboya, mkoani Kagera, penye makaburi ya wanajeshi waliofariki katika vita vya 1978–1979. Mwishoni mwa mwezi huohuo, katika mkoa huohuo, Rais Jakaya Kikwete alitoa agizo kwamba wahamiaji haramu waondoke katika muda wa wiki mbili. Mwezi Septemba Operesheni Kimbunga ilianza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali ilitaja sababu za kweli: ujambazi wa kutumia silaha katika misitu na barabara, na mifugo mingi iliyoingizwa kutoka nje na kuharibu ardhi. Mkazi wa Karagwe aliyewahi kusafiri katika basi lililosindikizwa na askari hahitaji kuelezwa kuwa tatizo lilikuwapo.

Hata hivyo maelfu ya waliovuka kwenda Rwanda mwaka huo walikuwamo watu walioishi Karagwe na Kyerwa kwa miongo mingi. Wengine walifika wakati wa machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959, wengine walikuwa watoto na wajukuu wa hao, na wengine walikuwa wameoa au kuolewa na Wanyambo. Familia zilitengana, mume upande mmoja na mke upande wa pili. Ng'ombe na vibanja viliachwa. Katika nchi ambako kitambulisho cha taifa kilikuwa bado hakijawafikia watu wengi wa vijijini, swali la uraia lilijibiwa mara nyingi kwa lafudhi, kwa sura, na kwa ushahidi wa jirani.

Kwa mtazamo wa makala haya, mwaka 2013 maana ya kwanza ya neno uzalendo ilirudi na kuifunika ya pili. Aliyepanda migomba miaka arobaini, akalipa ushuru, akachanga ujenzi wa shule na zahanati, na akazika wazazi wake katika kibanja chake, alikuwa na matendo ya kutosha kwa majigambo ya usiku mzima. Matendo hayo hayakuwa na uzito mbele ya swali la alikozaliwa babu yake. Wakati huohuo mtu ambaye uzawa wake haukuwa na shaka, na ambaye alimpokonya jirani aliyefukuzwa ng'ombe wake, hakuulizwa chochote kuhusu upendo wake kwa nchi.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajinisi. Njia hiyo ya tatu inakiri kwamba mtu anaweza kuwa wa nchi kwa uamuzi na mwenendo. Sheria kwa hiyo iko karibu zaidi na majigambo kuliko ilivyo lugha ya mitaani inayomtaka mzalendo awe mzalia. Dola ina haki ya kulinda mpaka wake, na hakuna hoja katika makala haya inayoikana haki hiyo. Kinachohojiwa ni jina lililopewa kazi hiyo. Kumwondoa mhalifu ni kazi ya polisi. Kumwondoa jirani kwa sababu ya asili yake na kukuita uzalendo ni kuliharibu neno.

7.0 Kahawa na Uzalendo wa Upande Mmoja

Eneo la tatu ambapo neno hili hutumika kwa wingi ni kahawa. Karagwe na Kyerwa hulima kahawa, hasa robusta, ndani ya migomba ya kibanja. Kwa miaka mingi sehemu ya kahawa hiyo imevuka mto kwa magendo kwenda Uganda, ambako mnunuzi hulipa taslimu na mara nyingi kwa bei iliyo bora. Mkulima mwenye shida ya haraka, ya ada au ya matibabu, huweza pia kuuza butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupwa. Vyama vya ushirika hukusanya kahawa na kulipa kwa utaratibu unaoweza kuchukua muda. Katika mikutano ya hadhara anayevusha kahawa hulaumiwa kwa kukosa uzalendo.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Kahawa inayopotea mpakani ni ushuru unaopotea katika halmashauri, na ushuru huo ndio unaojenga madarasa. Anayevusha kahawa na kisha kudai dawati hajafikiri vizuri. Lakini namna lawama inavyoelekezwa inafanana na hoja ya Majivuno. Mkulima ni mjumbe aliyevuka na kuona bei ya upande wa pili. Amerudi na habari ambayo wenye mamlaka wangeweza kuitumia: kwamba malipo yanachelewa, kwamba makato ni mengi, kwamba mahitaji ya ada hayangoji msimu. Kumwita msaliti ni kumfunga mjumbe na kuiacha habari yake bila jibu.

Hapa linajitokeza sharti la pili la wema wa uzalendo, yaani usawa wa wajibu. Upendo unaodaiwa kwa upande mmoja daima hugeuka kuwa kodi isiyoandikwa. Mukama wa kale aliyesikiliza majigambo alitarajiwa kumtuza shujaa; asiyetuza alijikuta na watu waliohamia kwa mtawala mwingine, na mto haukuwazuia. Wahenga wa pwani walisema mkono mtupu haulambwi, na ingawa methali hiyo ina ukali, inakumbusha kuwa hata uaminifu una chakula chake. Mwaka 1978 taifa lilimtetea mtu wa Kagera, na mtu wa Kagera akajua kuwa ana taifa. Wajibu ulikwenda pande zote mbili. Panapokosekana usawa huo, mahubiri ya uzalendo hayawezi kuziba pengo la bei.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameuliza kama uzalendo ni jambo jema, na yameonyesha kuwa jibu linategemea ni uzalendo upi unaozungumzwa. Uzalia hauwezi kuwa wema wala ubaya, ni bahati. Unapopandishwa daraja ukawa kipimo cha thamani ya mtu, matokeo yake ni yale yaliyoonekana mwaka 2013, na yale yanayowatia hofu watu leo mashariki mwa Kongo. Upendo wa nchi unaothibitishwa kwa matendo unaweza kuwa wema mkubwa, kama ulivyokuwa mwaka 1978, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba mpenda nchi aruhusiwe kuikosoa nchi bila kupelekwa kizimbani, kama riwaya ya Kusadikika inavyodai. Sharti la pili ni kwamba nchi nayo itimize wajibu wake kwa yule inayemtaka aipende, kama mkulima wa kahawa anavyodai kwa miguu yake kila anapovuka Murongo.

Pingamizi moja linaweza kutolewa. Huenda ikasemwa kwamba uzalendo wenye masharti si uzalendo, kama mapenzi yenye masharti yasivyo mapenzi. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama masharti haya yangekuwa ya faida binafsi. Masharti yaliyotajwa hapa ni ya haki, na haki ni kitu ambacho mpenda nchi anakitaka kwa ajili ya nchi yenyewe. Karama hakuiacha Kusadikika. Mjumbe aliyefungwa hakuhamia alikotoka. Waliifia moyo nchi ambayo haikuwa imewastahili bado, na ndiyo maana waliidai.

Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, uhakiki huu unaelekeza kazi mbili. Kwanza, majigambo ya Kinyambo yanahitaji kukusanywa na kusomwa pamoja na yale ya Kihaya na ya Kinyankore, kama utanzu mmoja wa mto mmoja. Kuyasoma ndani ya mpaka wa taifa moja ni kuyakata katikati. Pili, tenzi na nyimbo za Vita vya Kagera zinapaswa kusomwa kwa kuuliza zinamtaja nani kuwa adui na nani kuwa mwenzetu, kwa kuwa majibu yake yanaeleza ni maana ipi ya uzalendo iliyokuwa inafundishwa kwa kizazi kilichofuata. Kizazi hicho ndicho kilichoulizwa mwaka 2013, kijiji kwa kijiji, kuwataja majirani zake kwa asili yao. Namna kilivyojibu ilitegemea, kwa sehemu, mambo kiliyokuwa kimeimbiwa.